Stelingi Hana Njaa

Rimoti ya nyumbani kwangu Mbagala ilikuwa yangu mpaka alipokuja Hurrem. Azam TV walipoanza kuonyesha ile tamthilia ya Sultan, Waturuki wakizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwenyekiti wetu wa mtaa, nyumba nzima ilihamia Istanbul ikaniacha mimi na mbu. Taarifa ya habari nikawa naisikia kwa jirani, kupitia dirishani. Mama watoto akayajua majina ya mapasha wote, nani mkwe wa nani, nani kamchongea nani, na wakati huohuo ananiuliza yule mdogo wangu wa Kibiti anaitwa nani vile.

Na manung'uniko yangu hayakuwa ya rimoti peke yake. Yalikuwa ya tabia za huyo mwanamke. Hurrem ni mfitini. Kaletwa kwa meli, mtumwa, hana baba wala shangazi wa kumsemea, na haijapita muda kashamsukuma pembeni mama wa mtoto mkubwa, kashagombana na mama mkwe, kashaanza kumchimba waziri mkuu. Mwanamke wa namna hiyo akihamia uani kwetu ataitwa mchawi kabla hajamaliza kutandika kitanda. Lakini nikithubutu kulisema hilo usiku, najibiwa kwa ukali: "Baba nanihii, wewe ulitaka afanyeje? Wanawe wauawe?"

Hapo, kwa bahati mbaya, mama watoto ana hoja. Katika ukoo ule wa kifalme, mtoto aliyefanikiwa kukalia kiti aliruhusiwa kuwamaliza ndugu zake wa kiume ili pasibaki wa kugombea. Tena si uhuni wa kuvizia, ilikuwa sheria iliyoandikwa, tangu enzi za Mehmed aliyeiteka Istanbul. Kwa hiyo Hurrem akishindwa hapotezi cheo tu, anazika watoto. Kila anapotabasamu mbele ya Sultan, mtazamaji wa Mbagala anajua kwamba moyoni anahesabu vichwa vya wanawe. Ukishalijua hilo huwezi tena kumchukia kwa raha. Unamchukia huku unamwombea.

Mustafa, yule mtoto mkubwa, alinyongwa kwa amri ya baba yake mwenyewe mwaka 1553. Kwetu alifariki juzi juzi tu. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuja na khanga kiunoni, akakaa mkekani, akalia. Chai ikapikwa. Nilipouliza kama daftari la rambirambi limefunguliwa, hakuna aliyecheka, na nikatazamwa kwa namna iliyonifanya nikalale mapema.

Basi pale kitandani nikawa nawaza: mbona stelingi wetu wa Bongo movie hakuna anayemlilia? Anakufa kijana wa watu, kitanda cha hospitali, mashuka meupe, dripu inaning'inia, muziki wa huzuni umefunguliwa mpaka spika zinakoroma, na mama watoto anachambua mchele.

Jibu ninalo. Stelingi wetu hana njaa.

Sisemi awe na utapiamlo. Nasema huyu bwana hataki kitu. Mtazame mwenyewe. Filamu inaanza, kuna geti. Gari linapiga honi. Mlinzi anatoka kibandani, anatembea, anafungua upande mmoja, anarudi kufungua upande wa pili. Gari linaingia. Mlinzi anafunga upande mmoja, kisha wa pili. Kamera haijachoka. Stelingi anashuka, anavaa miwani ya jua ambayo alikuwa nayo mkononi, anabonyeza funguo gari linalia pwii, anaingia sebuleni. Kuna ngazi. Nyumba imekodishwa Mbezi Beach pamoja na ngazi zake, kwa nini zisitumike? Anapanda, anashuka na shati jingine. Dada wa kazi analeta juisi ya pasheni kwenye sinia. Anaionja, anaiacha. Anaiacha! Hapo ndipo mimi huwa nasimama kwenye kochi. Glasi nzima ya juisi inabaki mezani, katika nchi ambayo mwanangu akiacha nusu kikombe cha uji tunaitisha kikao.

Ukiuliza kazi yake, ni meneja. Meneja wa nini? Wa kampuni. Ofisini kwake kuna kompyuta iliyozimwa, na sekretari anayeingia kusema "bosi, kuna mgeni". Mchana anakwenda hotelini kukutana na mchumba wake, ambaye naye haijulikani anaishi kwa kazi gani, na wote wawili wanalia. Wanalia sana. Shida yao ni mapenzi, na mapenzi yao hayana kodi ya miezi sita, hayana ada ya shule, hayana mama mkwe aliyekuja mjini kutibiwa goti na sasa goti limepona ila mama bado yupo chumba cha watoto. Na enzi za DVD tulikuwa tunauziwa filamu moja vipande viwili. Sehemu ya pili ilianza kwa kukukumbusha geti.

Adui wa filamu hiyohiyo, sasa, ndiye mtu. Adui anataka shamba. Anataka urithi. Kaenda kwa mganga na nauli katoa mwenyewe, jasho linamtoka, mganga kamtaka jogoo na jogoo hana. Bi Mwenda akitokea kwenye skrini na ile sauti yake, watoto wangu wanasogeleana bila kuambiwa, maana yule mama anajua anachokitafuta tangu anapojifunga khanga. Ndiyo maana huku mtaani maadui tunawakumbuka kwa majina, na mastelingi tunawakumbuka kwa mashati.

Msinione mzee wa kuchukia vijana. Mimi nimelelewa na kibanda umiza, Tandika, kwenye benchi la mbao lisilo na mgongo, mlango umezibwa kwa gunia, joto la kuivisha yai. Pale ndipo nilipojuana na Rambo, na Komando, na Bruce Lee, na Amitabh. Kiingereza hatukukijua, Kihindi ndiyo kabisa, lakini tulikuwa na Lufufu. Huyu Lufufu, jina lake Derek Mukandala, alikuwa anachukua filamu za nje na kuzitia sauti yake ya Kiswahili juu, na mikanda ikazunguka mji mzima. Hakutafsiri neno kwa neno, hilo tungelitupa nje. Alisimulia: huyu ni nani, katoka wapi, ana kisa gani na yule mwenye ndevu. Nikimkumbuka leo naona kazi yake hasa ilikuwa ipi. Alihakikisha hakuna kiumbe anayepita mbele yetu bila haja yake kujulikana, hata yule askari anayekuja kufa tu.

Chukua Rambo wa kwanza kabisa, wa mwaka 1982. Watu wanakumbuka bunduki. Mimi nakumbuka kwamba jamaa alikuwa anapita tu. Kaja kumtafuta rafiki yake waliyepigana naye vita, kaambiwa kafariki kwa saratani, kaingia kwenye kimji fulani anauliza pa kupata chakula. Basi. Mkuu wa polisi wa pale hakupenda sura yake, akampakia kwenye gari, akaenda kumshusha nje ya mji. Rambo akageuka, akarudi kwa miguu. Vita yote ile, msitu, helikopta, mji kuwaka moto, chanzo chake ni sahani ya chakula. Kibandani hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Kila aliyekaa kwenye lile benchi alishawahi kufukuzwa mahali na mgambo.

Na ile sheria yetu ya kwamba stelingi hafi, msidhani ni ushamba wa Tandika. Kwenye riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, ambako Rambo alizaliwa, Rambo anakufa. Na kwenye filamu pia walishampiga picha akifa. Wakawaonyesha watu kwa majaribio huko Marekani, watu wakakasirika, mwisho ukabadilishwa. Hollywood nzima, pamoja na fedha zake, ikaja kukubaliana na mzee wetu wa mlangoni aliyekuwa anapokea hela na kutuapia kwamba stelingi hafi, ingieni.

Aliyeruhusiwa kufa ni Amitabh peke yake. Kwenye Sholay, ya mwaka 1975, alikufa, na kibanda kizima kikakubali, wanaume wazima wakijifanya ni vumbi. Nadhani ni kwa sababu ya ile sarafu. Filamu nzima yeye na mwenzake wakibishana, anairusha sarafu, inaangukia upande wake, mwenzake anafuata. Anapokufa ndiyo mwenzake anaiokota na kuitazama: pande zote mbili zinafanana. Kumbe hakuwa anabahatisha. Alikuwa ameshaamua, na kazi ya hatari alikuwa anajichukulia mwenyewe kwa hila. Kitu kidogo vile, kinaingia kwenye mfuko wa shati, na kimemweleza mtu kuliko ngazi zote za Mbezi Beach.

Kibanda kile sasa kimekuwa cha gemu. TV zimepangwa ukutani, padi zimefungwa selotepu, jero kwa mechi. Mpwa wangu wa darasa la sita ndiko anakoishi, kwetu anakuja kulala. Siku moja nilitumwa kumfuata, nikaenda na mkono ulioandaliwa kwa ajili ya sikio lake, nikamkuta hachezi mpira kama wenzake. Yuko kwenye GTA, ile ya San Andreas ya mwaka 2004, gemu lenye umri mkubwa kuliko yeye, anamlisha mtu kuku.

"Anko subiri kidogo, CJ ana njaa."

Mkono wenyewe ukashuka. Nikavuta ndoo, nikakaa, nikaomba nielezwe.

Huyu CJ, akaniambia, alikuwa mbali miaka mitano. Mama yake kauawa, karudi kwa ajili ya msiba. Hajafika nyumbani, polisi wala rushwa wamemdaka, wamechukua hela zake zote, wamemtupa kwenye mtaa wa maadui. Gari hana. Anaokota baiskeli, anapiga pedeli kwenda msibani. Na asipokula anakonda, misuli inaisha. Akila ovyo anaota kitambi, hata kukimbia hawezi. Akizidisha kabisa anatapika palepale dukani. Akitaka mwili lazima aende gym, hakuna ujanja.

Mimi huyo mtu namfahamu. Ni kaka yangu. Alirudi vilevile kutoka Sauzi kwa ajili ya arobaini ya mama, hela zimeishia njiani na mwenyewe hasemi ziliishia wapi, suruali inashikiliwa na mkanda wa mtu mwingine, na baiskeli ya kwendea makaburini akaazima. Nilimtazama CJ anavyoikanyaga ile baiskeli nikasikia kitu kimenikaba. Nikamnunulia mpwa wangu nusu saa nyingine, jambo ambalo dada yangu asilisikie.

Kinachoniudhi ni hiki. Wale Rockstar waliotengeneza hilo gemu hawajawahi kuning'inia kwenye mlango wa daladala ya Rangi Tatu, lakini wamekaa chini wakaona kwamba mtu lazima ale. Sisi wenye njaa yenyewe, tunaoijua kwa jina na kwa saa zake za kuja, tukishika kamera tunaandika habari za watu walioshiba.

Tena mpwa wangu mwenyewe alikuwa hajala tangu asubuhi. Hilo alilijua CJ peke yake.

Halafu kuna watu wanasema tatizo ni vifaa. Kamera duni, taa hakuna, bajeti ndogo. Nendeni mkamuulize Mario. Yule mwenye sharubu, anayeruka ruka, Mjapani Shigeru Miyamoto alimchora mwaka 1981 kwa ajili ya gemu la Donkey Kong. Skrini za wakati ule zilikuwa na vinukta vichache mno, mdomo hauchoreki ukaonekana, basi akampachika sharubu. Nywele zinasumbua, akamvika kofia. Yaani sura ile yote imetokana na umaskini wa vifaa, na leo mtoto wa Temeke anamtambua hata ukimchorea mchangani. Na muhimu zaidi, walimpa kazi. Alianza seremala, mwaka 1983 wakamhamishia kwenye mabomba. Ni fundi bomba! Ingawa hapo nakiri kuna uongo wa kisanaa, kwa sababu fundi bomba huyo anafika. Wa kwetu tumemwita, yuko njiani, na njia yake nadhani inapitia Morogoro.

Mtu asije akaniambia Mswahili hawezi. King Majuto aliweza. Amri Athumani wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, hakuhitaji geti. Mpe kiti cha plastiki na deni. Yule mzee wake siku zote ana tamaa ya kitu kidogo, hela ya mtu, ubwabwa wa shughuli, mke wa pili, na siku zote anaifunika tamaa hiyo kwa ukali wa uongo. Unacheka kabla hajafungua mdomo kwa kuwa umeshaona macho yake yameangukia wapi. Joti naye, tangu enzi za Ze Comedy pale EATV, akijigeuza bibi, bibi huyo ana ajenda zake, hakuja kuonyesha kilemba. Kanumba, ambaye siku anazikwa Aprili 2012 Kinondoni hapakupitika, nilimpenda zaidi alipocheza na watoto kwenye Uncle JJ kuliko ndani ya suti zake zote. Mbele ya mtoto, mtu mzima hawezi kujifanya hana shida. Na Amil Shivji alipoitoa Vuta N'kuvute mwaka 2021, kutoka kwenye kitabu cha Shafi Adam Shafi, alimkuta Yasmin ameshakamilika kitabuni: binti kaozwa kwa mzee asiyemtaka, anatoka. Mtu akitoka mlangoni bila kujua atalala wapi, mimi nitamfuata, hata tiketi nikikopa.

Maneno haya nilikuwa nayasema barazani, kwa sauti, na ndiyo yaliyoniponza. Mtaani kwetu kuna vijana wanatengeneza filamu za kuweka YouTube. Wana kamera moja na gari la shemeji wa mmoja wao. Wakanijia jioni moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, tunasikia unayajua mambo ya filamu. Tunaomba utuchezee mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba anafanyaje?"

"Anamfukuza stelingi."

"Kwa kosa gani?"

"Kodi, mzee."

"Hiyo kodi anaitakia nini? Ana mgonjwa? Anajenga Chanika na bati zimepanda bei? Au mwanawe ndiye anayeitafuna na yeye anaona aibu kusema?"

Wakatazamana. Yule mkubwa wao, dairekta, akanywea kidogo kisha akajikaza. "Mzee, wewe ni adui tu. Unafukuza, basi."

"Adui naye ana tumbo, mwanangu."

Wakasogea pembeni wakanong'ona. Waliporudi nikawa nimeshushwa cheo. "Mzee, tumeona utupigie mlinzi wa geti. Hana maneno mengi. Nauli tutakupa na soda."

"Huyo mlinzi amekula?"

"Mzee, geti tu."

Nikakubali, kwa sababu ya soda. Tukavuka mji mzima mpaka Mbezi Beach, kwenye nyumba ambayo waliazimwa kwa saa chache na kukatazwa kukalia makochi. Siku yenyewe ilikuwa ya Simba na Yanga. Vijana hawa wanapanga tarehe kwa kuangalia gari la shemeji linapatikana lini, hawatazami ratiba ya ligi. Mimi nikaja na redio yangu ndogo ya betri, nikaiingiza kwenye kibanda cha mlinzi, maana nilishaamua huyu bwana ni nani. Ni Yanga wa kufa, mshahara wa mwezi jana hajauona, mpira uko dakika za mwisho, na redio inashika kwenye kona moja tu ya kibanda. Akiinuka kwenda getini, sauti inakatika.

"Akshen!"

Honi ikapigwa nje. Mimi nimeinamia redio. Honi tena. Nikainuka nusu, sauti ikakwaruza, nikarudi. Mtangazaji alikuwa anapandisha pumzi kwa namna ile inayomaanisha kuna kitu kinataka kutokea langoni, na langoni kwa nani hajasema.

"Mzee! Geti!"

Nikanyoosha mguu mmoja kuelekea getini, mwili uliosalia ukabaki kwenye redio. Nilidhani hapo nimewapa kitu cha kupiga picha.

"Kata! Kata! Mzee, unafanya nini sasa?"

"Mpira haujaisha," nikamwambia. "Wewe ungefungua?"

Honi ikanyamaza. Kioo cha gari kikashushwa, nadhani kwa mkono, maana na kiyoyozi chenyewe kilikuwa hakifanyi kazi. Stelingi akachomoza kichwa, miwani ameshaivua, shati jeupe limemganda mgongoni.

"Mzee, ngapi ngapi?"